Mafunzo ya mwalimu wa watu wazima yaanzie kwenye kitochi

"Ile hela tuma kwenye namba hii." Ni nani mwenye laini ya simu nchini Tanzania ambaye hajapata ujumbe wa aina hiyo? Wengi tunaufuta na kuendelea na shughuli zetu. Anayeumia ni yule aliyejua kusoma juzi. Kwake kila ujumbe anaoumaliza bila kusaidiwa ni ushindi, na hakuna aliyemwambia kwamba mengine yaliyoandikwa ni uongo.

Huyo ndiye mwanafunzi wa madarasa ya MUKEJA, mpango wa uwiano kati ya elimu ya watu wazima na jamii. Anakuja jioni akitoka shambani au gengeni, na simu anayo mfukoni. Mtoto wake aliye mjini humtumia pesa kwa simu, na mchango wa kikundi hupita humohumo. Kusoma anakokuhitaji leo kuko kwenye menyu ya *150*00# na kwenye ujumbe wa muamala unaomwambia amebakiwa na salio gani. Asipoweza, humkabidhi wakala simu pamoja na namba ya siri, na kuanzia hapo fedha zake zinalindwa na uungwana wa wakala tu.

Anayemfundisha naye ni nani? Mara nyingi ni mwalimu wa shule ya msingi anayeongeza kipindi baada ya kazi, au kijana wa kijijini aliyejitolea kwa posho isiyotosha. Akibahatika kuitwa kwenye mafunzo ya TEHAMA, huitwa mjini, ukumbini kwenye projekta na kompyuta mpakato. Anafundishwa kutengeneza slaidi. Anarudi na cheti, na begi lenye nembo ya mfadhili, kwenye darasa ambalo taa yake ni tochi ya simu. Slaidi hazina ubaya wowote, ila hatujasikia mama lishe aliyeokolewa na slaidi.

Nchi hii iliwahi kufanya vizuri zaidi kwa vifaa duni zaidi. Mwaka 1973, katika kampeni ya elimu ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya, teknolojia ilikuwa redio. Vipindi vilienda kwa wiki 12, na viongozi wa vikundi wapatao 75,000 waliandaliwa kwa ngazi, kutoka timu za juu hadi wilayani na vijijini. Mafunzo yao yalikuwa mafupi. Hata hivyo kiongozi alifundishwa kazi ileile atakayoifanya: kusikiliza redio na wenzake, kusoma kijitabu, kuongoza mjadala, kisha kikundi kiamue choo kitachimbwa lini. Watu wapatao milioni 2 walishiriki. Upande wa kisomo nao, kufikia 1986 serikali ilisema wasiojua kusoma na kuandika wamebaki asilimia 9.6. Mafanikio hayo hayakutunzwa, lakini namna ya kuwaandaa wafundishaji tunaijua, maana tuliibuni wenyewe.

Kwa mwezeshaji wa leo, kazi atakayoifanya ni ya simu. Ajue kumpitisha mtu mzima kwenye ujumbe wa kweli na wa tapeli, akionyesha tofauti zilipo. Ajue kumtumia ujumbe wa sauti mwanafunzi aliyekosa wiki mbili kwa sababu ya mavuno. Ajue pia jambo gumu kuliko yote, nalo ni kuzuia mkono wake. Kijana wa miaka 22 akimwona mama wa miaka 60 anahangaika na vitufe, humpokonya simu na kummalizia. Mama naye hushukuru: "Nifanyie tu, mwanangu." Wote wawili wameridhika na hakuna aliyejifunza. Kumwambia "bonyeza wewe mwenyewe, mama" bila kumwaibisha mbele ya mkwe wake aliyekaa dawati la nyuma ni ufundi, na ufundi huo haupatikani kwa semina ya siku tatu. Unapatikana kwa kujaribu darasani, kukutana na wenzako, kuelezana kilichoshindikana, na kurudi kujaribu tena.

Utaratibu wa namna hiyo tayari upo. Unaitwa MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambamo walimu hukutana katika jumuiya za ujifunzaji shuleni kwao. Umejengwa juu ya shule za kawaida, kwa hiyo mwezeshaji wa jioni asiyeajiriwa na shule hana pa kukaa. Taasisi ya Elimu Tanzania na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima zikae meza moja zimfungulie mlango. Jumuiya ya kata ingetosha, ikikutana mara moja kwa mwezi na kuwa na kundi lake la WhatsApp kati ya kikao na kikao. Wenye vitochi wasiachwe nje: kwao ujumbe mfupi wa kawaida unafanya kazi hiyo, na ndiyo simu waliyonayo wengi wa wanafunzi wao.

Tutaambiwa hakuna fedha. Posho ya siku moja ya afisa anayekwenda kufungua semina mjini inamnunulia mwezeshaji bando la mwezi na chenji inabaki. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Tunataka kuona bando hilo kwenye kasma ya elimu ya watu wazima ya kila halmashauri, likiwa na jina lake, si limefichwa chini ya "mengineyo".