Hatua mbili au tatu? Huenda refa yuko sahihi

Msimu wa UMISSETA ukifika, Mbinga hadi Mbamba Bay, kelele za pembeni ya uwanja wa kikapu tunazijua: "Ametembea!" Wengi tulifundishwa kwamba ukishika mpira una hatua mbili tu. Lakini tangu Oktoba 2017, kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu duniani, haziuhesabu mguu uliokanyaga chini wakati mchezaji anayekimbia anaushika mpira. Hesabu ya mbili huanzia mguu unaofuata. Kwa mtazamaji, ni hatua tatu, na ni halali. Aliyesimama hana nafasi hiyo: akianza kudunda, mpira utoke mkononi kabla hajainua mguu anaoegemea. Hilo ndilo marefa wengi huliachia, na hapo, wasikilizaji, tungepiga kelele kwa haki.