Jani la Isale

Najua wengi mmerudi kutoka likizo mifuko ikiwa imetoboka, na wengine mmerudi mmenuniana. Mimi na mwenzangu tulirudi na vyote viwili, kwa hiyo naomba nikusimulie ya kwangu kabla sijakuuliza ya kwako.

Krismasi tulikwenda Marangu, kwao na mume wangu. Kama umeolewa Uchagani, Desemba unaijua: vihamba vinajaa magari ya Dar, mbuzi wanachinjwa, asubuhi mtori, mchana kisusio, jioni mbege. Mimi Mngoni wa Songea nimeshazoea, na mama mkwe wangu ananipenda kwa kweli. Shida haikuwa kwake.

Shida ilianza tarehe 26, kwenye kikao cha ukoo. Ajenda ilikuwa kuezeka upya nyumba ya babu. Kaka mkubwa akaahidi, mdogo akaahidi, ikafika zamu ya mume wangu. Akasimama, akakohoa, akasema, "Mimi na mama watoto tutatoa milioni tatu." Makofi! Na mimi nikapiga, nikatabasamu kabisa. Lakini jamani, hiyo ndiyo ilikuwa pesa yetu ya kiwanja, tuliyoidunduliza pamoja miaka miwili. Hakuniuliza hata kwa kunikonyeza.

Safari ya kurudi Dar ni zaidi ya kilomita 500. Himo hadi Same sikusema neno. Niligeukia dirishani nikaitazama Milima ya Pare kama vile nimetumwa kuihesabu. Yeye naye hasira akaihamishia kwenye mwendo, mpaka trafiki akatusimamisha kwenye kibao cha 50. Faini. Watoto nyuma kimya, wanajua.

Korogwe tukasimama kula. Akaenda kufungua buti, nikadhani anafuata maji. Akarudi na jani la isale, limeshaanza kunyauka. Kwa Wachaga, isale si mmea wa uzio tu. Ukimkosea mtu ukampelekea isale, unaomba radhi, na kwa mila anayeletewa hapaswi kukataa. Alilichuma alfajiri kwenye mpaka wa kihamba, akakosa ujasiri wa kunipa pale nyumbani.

"Nilisikia aibu, mama," akasema. "Wenzangu wanataja, mimi nikae kimya?"

Nikalipokea. Ila nikamwambia, "Msamaha umepata, hesabu bado."

Nikachukua usukani, na kutoka Segera hadi Chalinze tukaongea kuliko tulivyoongea mwaka mzima. Kwa mara ya kwanza akaniambia kwamba babu ndiye aliyekuwa akiuza kahawa ili yeye alipiwe ada. Mimi nilikuwa naona mabati tu. Naye akakiri kuwa alilitumia jina langu bila kunipa sauti. Tukakubaliana: ahadi inabaki, italipwa kwa awamu hadi Juni, kiwanja kitasubiri. Na Krismasi ijayo ni Songea, kwa mama yangu, ambaye miaka saba sasa anatusalimia sikukuu kwa simu.

Nisikudanganye, bado sijapoa kabisa. Lakini nimejifunza. Kabla hamjapakia mabegi, kaeni chini mpange kiasi mtakachotoa nyumbani, kwao na kwenu. Yeyote akiulizwa kwenye kikao, jibu analo, na ni la wote wawili. Na kama mmeshakoseana njiani, msingoje mfike. Gari ni mahali pazuri pa kuongea, maana hakuna anayeweza kuondoka akabamiza mlango.

Jani lile limekauka, liko kwenye kabati la vyombo. Awamu ya kwanza tumeshalipa.

Je, wewe likizo yako ilikuwaje? Tukutane mwezi ujao.

Mhariri