Kubadilisha ndege njiani: Saa ngapi zatosha?

Kila mwaka ifikapo Agosti, Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta hufurika familia zinazowasindikiza vijana waendao masomoni ng'ambo. Picha hupigwa, dua huombwa na machozi huwalenga akina mama. Mara nyingi nauli yenyewe imepatikana kwa jasho: mkopo wa chama cha akiba, ng'ombe aliyeuzwa nyumbani, au mchango wa ukoo mzima.

Hata hivyo, katika pilkapilka hizo kuna jambo moja ambalo hupuuzwa. Nalo ni muda atakaopata msafiri baina ya kushuka ndege ya kwanza na kupanda ya pili.

Hebu tuchukue mfano. Wakala wa usafiri anawaonyesha wazazi tikiti mbili za kwenda Minneapolis, Marekani, kupitia New York. Ya kwanza ni nafuu, na kijana atakuwa na saa mbili kasoro robo za kubadilisha ndege. Ya pili imezidi kwa shilingi elfu kadhaa, na ina saa nne. Baba anaipendelea ya kwanza. "Kwa nini mtoto akae bure kwenye benchi saa nne nzima?" anauliza. Mama anasitasita.

Msomaji, katika mfano huu tunasimama upande wa mama. Sababu tutazieleza.

Dakika za kwenye karatasi

Kila uwanja mkubwa una muda wa chini kabisa uliowekwa wa kubadilisha ndege, na kompyuta za mashirika haziuzi tikiti moja iliyo chini ya muda huo. Kwa mfano, uwanja wa Frankfurt, Ujerumani, umejulikana kwa dakika 45. Wengi huamini kwamba maadamu tikiti imeuzwa, basi muda unatosha. La hasha! Huo ni muda wa siku ambayo kila kitu kimekwenda sawa.

Piga hesabu mwenyewe. Tuseme una dakika 60. Aliyeketi nyuma ya ndege kubwa huweza kuchukua dakika 20 kabla ya kuufikia mlango. Nalo lango la ndege ya pili aghalabu hufungwa dakika 15 au 20 kabla ya ndege kuondoka. Kwa hivyo, zile dakika 60 zimebaki 20. Katika hizo 20 usome vibao, upange foleni ya ukaguzi wa usalama, na pengine upande basi au treni ya kukupeleka jengo jingine. Ndege ya kwanza ikichelewa nusu saa tu, kwisha maneno.

Tikiti ni moja au ni mbili?

Hili ndilo swali la kwanza la kumwuliza wakala. Ikiwa safari nzima imeandikwa katika tikiti moja, na ndege ya kwanza ikakuchelewesha, ni jukumu la shirika kukutafutia nafasi katika ndege nyingine bila kukutoza nauli upya. Sheria ya Ulaya nambari 261 ya mwaka 2004 imekwenda mbali zaidi. Huweza kumpa msafiri wa mbali, mathalani anayetoka Amsterdam kwenda Marekani, fidia ya hadi yuro 600 akifika mwisho wa safari akiwa amechelewa sana kwa makosa ya shirika.

Lakini ukinunua tikiti mbili mbalimbali ili kuokoa pesa, shirika la pili halina habari na la kwanza. Ukichelewa, kwake wewe ni abiria ambaye hakufika. Tikiti huenda ikapotea na ukalazimika kununua nyingine pale pale dirishani, kwa bei ya siku hiyo. Isitoshe, mara nyingi utalazimika kuuchukua mzigo wako na kuupeleka upya kwa shirika la pili, na kufanya hivyo huenda kukahitaji viza ya kuingia nchi hiyo.

Utakaguliwa pasipoti wapi?

Anayebadilisha ndege Doha, Dubai au Addis Ababa kwa tikiti moja kwa kawaida haingii nchini humo. Hupitia ukaguzi wa usalama na kuelekea lango jingine, nao mzigo hupelekwa na wenyewe.

Marekani ni kisa kingine. Kwa kawaida, uwanja wa kwanza unaotua nchini humo ndipo unapokaguliwa na maafisa wa uhamiaji, hata kama safari yako inaendelea. Baada ya hapo unausubiri mzigo kwenye mkanda, unapita forodha, unaukabidhi tena, kisha unapanga foleni nyingine ya usalama. Mwanafunzi anayeingia mara ya kwanza huenda akaitwa kando aulizwe maswali zaidi kuhusu chuo na karo. Hayo yote hayafanywi kwa kukimbia. Ndiyo maana saa nne za New York si za kukaa bure.

Ama anayepitia Amsterdam na kutua moja kwa moja Minneapolis, shughuli hiyo ataimaliza mwisho wa safari, ambapo hakuna ndege ya kumkimbiza. Huyo saa mbili au tatu za Amsterdam zitamtosha.

Tahadhari na njia inayopitia miji miwili ya Ulaya, kwa mfano Amsterdam kisha Frankfurt. Hapo unahesabiwa kuwa umeingia eneo la Schengen, na utahitaji viza yake. Vilevile, mwenye pasipoti ya Kenya huhitaji kibali cha kupitia Heathrow, London, hata asipotoka nje ya uwanja, ila akiwa na viza za nchi fulani kama Marekani au Kanada. Ulizia mapema kabla ya kulipa.

Ukiachwa, nyingine ni lini?

Kuachwa na ndege inayofuatwa na nyingine baada ya saa mbili ni usumbufu tu. Kuachwa na ile ya mwisho ya siku ni kulala uwanjani. Kwa hivyo, mwulize wakala ni ndege ngapi huenda huko kwa siku. Ikiwa ni moja tu, au ni ya mwisho usiku, ongeza muda. Ongeza pia ikiwa safari ni ya Desemba au Januari, wakati theluji huchelewesha ndege katika miji kama Chicago, Boston na New York.

Mitego miwili

Wa kwanza ni viwanja. Mji mmoja huweza kuwa na viwanja kadhaa. London ina Heathrow na Gatwick, na baina yao ni mwendo wa kilomita zaidi ya 60 kwa barabara. Hata hapa jijini, anayeshuka Wilson akitoka mbugani bado ana safari ya gari hadi Embakasi, na foleni za Nairobi twazijua sote.

Wa pili ni saa. Tikiti ikisema 00:30 tarehe 15 Agosti, maana yake ni saa sita na nusu usiku wa kuamkia tarehe 15. Uwe uwanjani jioni ya tarehe 14. Ukienda jioni ya tarehe 15, ndege imekwishaondoka zamani. Kumbuka pia kwamba saa za tikiti ni za mji ule ule ulioandikwa, si za Nairobi.

Kwa muhtasari

Tunashauri hivi:

• Tikiti moja, uwanja mmoja, bila kuingia nchi: saa mbili. Ukiwa na watoto au mzee wa kiti cha magurudumu, tatu.

• Ukiingia Marekani na kuendelea na ndege nyingine: saa tatu hadi nne.

• Tikiti mbili mbalimbali, au kubadilisha uwanja: saa sita, au ulale mji huo.

• Ukitoka Kisumu, Eldoret au Mombasa kwa tikiti ya kando kuja kupanda ndege ya usiku jijini: njoo na ndege ya asubuhi, si ya jioni.

Muda mrefu nao una gharama zake. Saa 14 uwanjani na mtoto mchanga ni mateso, na chakula cha huko ni ghali. Yakiwa mengi hivyo, uliza kama shirika hutoa hoteli, na kwa masharti gani.

Nawe kijana unayesafiri, kabla hujaondoka kaunta Nairobi, tazama kibandiko cha mzigo wako. Kama waenda Minneapolis kisome MSP. Ukiachwa na ndege, usitoke nje ya uwanja wala usinunue tikiti nyingine kwa hofu. Nenda dawati la shirika lako, onyesha kadi yako, uliza ndege inayofuata, na udai chakula na mahali pa kulala. Kisha wapigie wa nyumbani simu, kwani hawatalala.

Zile shilingi elfu kadhaa alizotaka baba kuokoa ni pesa, hatukatai. Lakini tikiti mpya ya dirishani huweza kuzimeza mara nyingi, na hofu ya mtoto aliye peke yake ugenini haina bei. Wahenga hawakukosea waliposema kawia ufike.

Safari njema, na tukutane Jumapili ijayo.