Mchanga Uliolowa na Fedha za Wananchi

Mvua za Ufipa huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Katika miezi hiyo yote, kuanzia Kizwite na kata nyingine za Manispaa ya Sumbawanga hadi vijiji vya mbali vya uwanda huo wa juu, ujenzi wa umma hausimami. Mitambo ya kupakia, ambayo wengi huiita vijiko, huendelea kuchota mchanga, kokoto na moramu machimboni, na malori huendelea kushusha mizigo hiyo mashuleni na barabarani ikiwa imelowa chapachapa. Mwalimu mkuu hutia saini kwamba amepokea tripu kadhaa, nayo fedha ya wananchi hulipwa. Lakini ni wachache wanaojiuliza kilichopokewa hasa ni nini.

Mchanga ukilowa kidogo huvimba. Utando mwembamba wa maji huzishika chembe na kuzitenganisha, rundo likaonekana kubwa kuliko mchanga uliomo. Unyevu wa asilimia 5 tu unaweza kuongeza ujazo kwa robo nzima. Maana yake ni kwamba lori lililojaa meta 10 za ujazo huwa limebeba mchanga ambao ungekauka ungekuwa meta 8. Shule iliyonunua tripu 5 za mchanga wa namna hiyo imelipia tripu moja ya hewa. Hatumtuhumu dereva, kwa maana yeye amejaza lori lake kama alivyoagizwa. Kosa ni la ofisi inayonunua mchanga wa kifuku kwa kipimo cha kiangazi.

Walimu wanaweza kulithibitisha jambo hili bila maabara. Chukueni chupa ya kioo yenye mdomo mpana, mjaze mchanga uliotoka kwenye lori hadi kimo cha sentimeta 20. Utoeni, mtie maji nusu chupa, kisha mrudishe mchanga ule ule kidogo kidogo huku mkikoroga. Ukitulia kwenye kimo cha sentimeta 16, mjue kwamba ulikuwa umevimba kwa robo. Wanafunzi wa sayansi wafanye kazi hiyo mbele ya kamati ya ujenzi, na hesabu ya malipo ifuate matokeo yake.

Mchanga ulioloana kabisa una ubaya mwingine. Huo hausumbui kwa ujazo, kwani ukijaa maji hurudi kwenye kimo chake cha awali. Husumbua kwa uzito. Meta moja ya ujazo ya mchanga mkavu ina kiasi cha tani 1.6, lakini uliojaa maji hukaribia tani 2. Lori la meta 10 basi hubeba tani 4 zaidi, na tani hizo ni za maji. Mzigo huo hupita juu ya barabara za udongo ambazo Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ulioanza kazi mwaka 2017, unahangaika kuzitengeneza, tena katika miezi ambayo barabara hizo ni laini kuliko wakati wowote. Tunaharibu barabara kwa kusafirisha vifaa vya kuitengenezea!

Maji hayo huingia pia katika zege. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 huhitaji maji lita 25 hadi 30. Mchanga wake, kama kilo 100 hivi, ukiwa na unyevu wa asilimia 8, umekwisha kuleta lita 8 kabla fundi hajagusa ndoo. Fundi asiyelijua hilo humimina maji yale yale ya siku zote. Zege hulainika na kumiminika vizuri, akafurahi, na nguzo ya darasa ikapungukiwa nguvu kwa miaka yote itakayosimama.

Jambo la kuangaliwa zaidi ni namna ya kuchota. Mwendesha mtambo hupenda kuchota chini kabisa ya rundo, kwa kuwa ndiko mtambo unakojaza haraka. Ndiko pia maji yanakotuama na tope linakochanganyika na mchanga. Rundo halina budi kuwekwa mahali palipoinuka, lichimbiwe mfereji wa kuondoa maji, na tabaka la chini la kiasi cha shubiri moja lisiguswe. Ikiwezekana liachwe usiku mzima lichuje maji, kisha lichotwe kutoka upande mkavu. Moramu yenye udongo wa mfinyanzi hunata ndani ya ndoo ya mtambo, hivyo mahali ambapo malipo huhesabiwa kwa ndoo, kila ndoo hushusha pungufu ya ile iliyoandikwa.

Machimboni hatari ni ya uhai. Kuta za moramu na mchanga zilizolowa, zikichotwa kwa chini, huning'inia kisha huanguka bila kuonya. Wachimbaji wamefukiwa hivyo katika mikoa mbalimbali ya nchi yetu. Ukuta ukatwe kwa mteremko kuanzia juu, na asisimame mtu kati yake na mtambo. Wala mtambo usigeuzwe kwenye utelezi huku ndoo yake ikiwa imeinuliwa juu.

Lakini kwa nini tunachota mchanga kwenye mvua? Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai. Miezi minne ya mwanzo, Julai hadi Oktoba, ni kiangazi cha Ufipa, nayo mara nyingi huishia katika barua na vikao. Mpango wa madarasa 15,000 uliogharimiwa na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa ulizinduliwa Oktoba 2021, na madarasa yakatakiwa kuwa tayari kwa wanafunzi wa Januari 2022. Kwa Sumbawanga, hiyo ilikuwa na maana ya kujenga mvua ikianza. Mkulima wa Kifipa hutengeneza matuta yake ya intumba wakati wa mvua kwa sababu anautaka udongo laini. Mhandisi anayeshindilia moramu anataka kinyume chake, lakini ratiba zetu humpeleka shambani pamoja na mkulima.

Wakurugenzi wa halmashauri wanapaswa kuweka ununuzi wa mchanga, kokoto na moramu mbele ya ununuzi mwingine wote katika robo ya kwanza ya mwaka, hata kama fedha za kuezeka hazijafika. Mchanga hauozi. Ulundikwe shuleni mwezi Agosti, ukiwa mkavu na umepimwa, ufunikwe kwa turubai, na ungoje saruji. Mikataba ya machimbo nayo itaje wazi kwamba shimo litafukiwa au kutolewa maji kabla mtambo haujaondoka, kwa kuwa mashimo hayo hujaa maji Januari, watoto wakayaogelea, na mtambo ukishahamishwa kuurudisha ni gharama nyingine.