Kabla hujanunua pampu nyingine, dai kitabu

Haya wasomaji wangu, leo sizungumzii PHP wala hifadhidata. Leo nina hasira, na hasira yenyewe ni ya trekta.

Mjomba wangu analima upande wa Kathiani, hapa Machakos. Mashamba ya huko mnayajua: matuta ya fanya juu, ngazi juu ya ngazi, tena nyembamba. Trekta kubwa haligeuki pale. Ndiyo maana alinunua trekta dogo la mitumba kutoka Japani, maandishi yote ya Kijapani. Kila ukifika mwisho wa tuta unainua plau, unageuka, unashusha. Mikono ya haidroliki ya nyuma ikigoma, huna trekta tena.

Mwezi wa tisa, mvua za vuli zikikaribia (huku Ukambani ndizo tunazozitegemea zaidi), mikono ilianza kupiga kelele kila ikifika juu. Kufika adhuhuri ikawa inainuka kwa shida. Fundi wa duka lililomuuzia akaja, akasikiliza kama dakika mbili, akahukumu: pampu imekwisha. Shilingi 90,000. Mjomba akanipigia simu: "Mpwa wangu, si wewe ni mtu wa mashine? Njoo uangalie kabla sijauza ng'ombe."

Mimi ni mtu wa programu, si wa spana. Lakini hitilafu ni hitilafu, na swali la kwanza ni lile lile: ni kitu gani bado kinafanya kazi? Pampu hiyo hiyo ndiyo inayoinua trela lake la kutipu. Tukalijaza mchanga asubuhi, oili ikiwa baridi. Likainuka vizuri kabisa. Oili ilikuwa kwenye alama, haina povu, filta safi. Sasa pampu imekufa vipi?

Chini ya kiti mambo huenda hivi. Ukivuta leva unafungua vali, oili inasukuma pistoni, mikono inapanda. Mikono ikifika pale ulipoagiza, kifimbo cha chuma kilichounganishwa nayo huirudisha vali katikati, oili inakata. Mwandishi wa programu yeyote anakijua kitu hiki: ni kitanzi chenye sharti la kusimama. Kifimbo kikiwa na urefu usiofaa, mikono inafika mwisho wa safari yake kabla vali haijafunga. Pampu inaendelea kusukuma pistoni isiyo na pa kwenda, vali ya usalama inafunguka, ndiyo ile kelele. Oili inachemka, inakuwa nyepesi, na adhuhuri trekta linaonekana limechoka.

Jaribio lake ni la bure. Inua mpaka juu, kelele ikianza rudisha leva chini kidogo, upana wa kidole. Ya Mjomba ilinyamaza papo hapo. Nati ya kufungia kifimbo ilikuwa imelegea na kifimbo kimejizungusha. Tulishusha plau chini, tukazima injini, tukazungusha kidogo, tukawasha na kujaribu, tukazima tena, mpaka mikono ikasimama kabla ya kugonga mwisho. Upande wa kuzungusha hutegemea modeli. Spana mbili, saa moja na nusu, na nusu ya muda huo ilikuwa kubahatisha.

Hapo kwa kubahatisha ndipo penye hasira yangu. Nilikuwa nimekwenda dukani kuomba kitabu cha matengenezo, kile chenye vipimo. Nikajibiwa, "Hicho ni cha mafundi wetu." Cha mafundi wenu? Trekta ni la nani? Tena si siri ya roketi hii. Mikono ya pointi tatu ni kazi ya Harry Ferguson, aliyepata hataza yake mwaka 1926!

Simlaumu sana yule fundi. Anayelipwa kwa kuuza spea atasikia pampu katika kila kelele. Na mafundi wa jua kali wanabadilisha vipuri kwa kukisia kwa sababu hawajawahi kuonyeshwa ukurasa wenye vipimo.

Najua nitaambiwa wakulima watajiumiza. Kweli, haidroliki inaua: usiingie chini ya plau lililoinuliwa bila kuliwekea magogo, na usitafute uvujaji kwa mkono mtupu, oili yenye shinikizo hupenya ngozi. Lakini maonyo hayo yameandikwa wapi? Ndani ya kitabu mnachokificha.

Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu bidhaa aliyonunua. Kule Marekani, jimbo la Colorado lilipitisha sheria mwaka 2023, ikaanza kutumika Januari 2024, inayowalazimu watengenezaji wa mashine za shamba kuwapa wakulima vitabu, spea na programu za ukarabati. Sisi haki iko ndani ya Katiba tangu 2010 na bado tunaombaomba kaunta.

Na sisi wa kompyuta tusijifiche. Tunashindana kutengeneza programu za simu za kukodisha matrekta, na hakuna aliyekaa kuandika kurasa kumi za Kiswahili na Kikamba kuhusu kuyarekebisha. Mimi nimeanza na ukurasa mmoja: urefu wa kile kifimbo, nati hadi nati, na picha yake. Mjomba ameipaka nati rangi nyekundu ili aone ikisogea. Jumatatu tunarudi dukani, yeye na risiti yake, mimi na Katiba.