Bei ya Mlangoni

Wewe msomaji, sema kweli: mwuzaji akikuambia kwamba kanga ni shilingi 600, ukazitoa, kisha akadai 200 zaidi za kukukunjia, utamwitaje? Mwenye hoteli akifanya hivyo, twamwita mfanya biashara!

Mgeni hufika usiku, mizigo mkononi, watoto wakisinzia, naye amekwisha kulipia chumba. Ndipo karani wa mapokezi amtajiapo ada ya bwawa la kuogelea ambalo hana haja hata ya kulitazama. Au humwambia kwa tabasamu kwamba amehamishiwa chumba bora, kielekeacho bahari. Mgeni hushukuru, na asubuhi huikuta ile zawadi imeandikwa katika hesabu yake. Angekwenda wapi saa ile? Mwenye hoteli alilijua hilo, na ndiyo sababu hakuitaja bei kamili mapema.

Wako wasemao kwamba mgeni angeuliza. Aulizeje jambo asilojua kuwa lipo? Katiba yetu ya 2010, katika ibara ya 46, yampa mnunuzi haki ya kupewa habari anazozihitaji. Huko Marekani, ambako hoteli za Las Vegas zina sifa mbaya kwa ada hizo, sheria iliyoanza tarehe 12 Mei 2025 haikuzikataza ada zenyewe. Ilikataza kuzificha, jumla itajwe tangu tangazo la kwanza.

Basi karani akikusifia chumba kikubwa, mwulize, "Kwa bei gani?" Akisitasita, chukua ufunguo wa kile kidogo ulichokilipia, ukalale.