Jeki ya Gari la Gengi Ichaguliwe na Nani?



Watu wengi hudhani kwamba kazi ya gengi la reli ni nyundo na mataruma tu. Sisi twajua kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kufika. Mvua ikizoa kokoto, au kalvati ikiziba, gari ndilo hutupeleka, na njia ya gari ni ya udongo. Katika mbuga za Athi na Kapiti udongo ni mweusi, nao ukilowa hushika tairi kama gundi. Ukishuka upande wa Voi na Taru ni mchanga na miiba. Njia ya Magadi ina mawe makali na joto. Pahali pote hapo gari hukwama au tairi hupasuka, na mmoja wetu hupiga magoti ili aliinue. Chombo alicho nacho mkononi ni jeki. Twataka kuzungumza juu ya chombo hicho, kwa kuwa mara nyingi chanunuliwa ovyo, na anayelipia uovyo huo si yule aliyenunua.

Maoni yetu ni haya. Jeki ichaguliwe kwa kutazama mambo matatu: uzito wa gari likiwa na mzigo, udongo wa pale linapokwenda, na pahali ambapo jeki itashika gari. Tena wachaguzi wawe pamoja na wale watakaopiga magoti. Bei ije nyuma.

Tuanze na uzito. Pikapu ya Land Cruiser ikiwa tupu hupita tani 2. Tia watu, mapipa ya maji, mitaimbo na nyundo, nayo yakaribia tani 3 au kuzipita. Ni kweli kwamba jeki haiinui gari lote. Huinua pembe moja au upande mmoja. Lakini tope hunyonya tairi, na gari lililolala upande hutupa uzito wake wote pembe moja. Kwa hiyo jeki ambayo nguvu zake zatosha kwa shida tu haitoshi. Ile jeki ya mkasi inayokuja na gari dogo la mjini yafaa kwenye lami. Katika tope mguu wake mwembamba huzama na mwili wake hupinda.

Jeki ya chupa ndiyo tunayoipenda kwa kazi ya kila siku. Ndani yake mna oili na bomba mbili, nyembamba na nene. Mkono husukuma oili katika ile nyembamba, na ile nene hupanda. Ikiwa eneo la ile nene ni mara 20 ya nyembamba, basi nguvu nazo ni mara 20, ila hupanda polepole. Chupa ya tani 5 au 6 haiwi nzito kubeba, na mtu mmoja huiendesha bila kutoa jasho jingi. Huwekwa chini ya ekseli, nayo huinua gurudumu moja kwa moja. Ukiiweka chini ya chasisi, springi hunyooka kwanza na gurudumu hubaki chini likikutazama, nawe umemaliza kimo chote cha jeki.

Chupa ina kasoro zake, nasi hatuzifichi. Kimo chake ikiwa imefungwa ni kama sentimeta 20, na gari likizama ekseli yaweza kuwa chini kuliko hapo. Hapo hapana budi kuchimba kwa beleshi. Nyingi ya jeki hizi hazifanyi kazi zikilazwa. Na ikivuja oili, hushuka yenyewe, taratibu, bila kusema. Kwa hiyo kila mara gari likiisha kuinuliwa litegemezwe kwa magogo au stendi, na mtu asiingize mwili wake chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kama ni kuokota nati moja.

Sasa tuseme juu ya jeki ndefu, maana ndiyo vijana wengi wanayoitaka. Hii ni nguzo ya chuma yenye matundu, na kichwa kinachopanda kwa pini mbili, moja ikishika na nyingine ikisogea. Ile iitwayo Hi-Lift imetengenezwa Marekani, katika jimbo la Indiana, tangu mwaka 1905. Wakulima wa kule waliitumia kung'oa nguzo za ua na visiki kabla haijawa chombo cha magari. Iliyo ya kawaida ina urefu wa inchi 48, uzito wa kilo 13 hivi, na huinua kilo 2,100 na kitu. Huinua juu sana, yaweza kuvuta kama winchi ukiwa na mnyororo, na haihitaji oili ya ndani. Gari likizama hadi tumbo, jeki hii huinua gurudumu mpaka mtu atie mawe na matawi chini yake. Hayo yote ni ya kweli.

Lakini chombo hiki hakisamehe. Kikiwa na mzigo, mkono wake hutaka kurudi juu. Mtu akiuachia wakati pini haijashika vizuri, mkono huruka kwa nguvu zote za gari, na kilicho mbele yake ni kidevu, meno au mkono wa mtu. Wakati wa kushusha hatari huzidi. Kwanza mkono usimamishwe wima karibu na nguzo, ndipo kile kigeuzio kigeuzwe. Na mzigo ukipungua chini ya kilo 68 hivi, kichwa huteremka ghafula. Vumbi na tope vikiingia katika pini, hukwama katikati, gari likiwa hewani. Tena gari lililoinuliwa juu kwa nguzo moja laweza kuanguka upande. Wengine katika gengi huijua jeki ya reli tangu ujana wao, wakadhani ni mambo yale yale. Siyo. Reli haitembei, gari hutembea.

Liko na jambo la tatu, pahali pa kushika. Jeki ndefu yataka bampa ya chuma au shimo lililotengenezwa kwa ajili yake. Magari mengi ya siku hizi yana bampa ya plastiki, na jeki ndefu kwa gari la namna hiyo ni mzigo wa bure. Wako wanaopeleka gari kwa fundi wa jua kali lichomelewe kipande cha chuma. Fundi hodari tunamheshimu, lakini kipande hicho kishikwe na chasisi yenyewe, kisishikwe na bati, na kijaribiwe uani kabla hakijajaribiwa porini.

Iko na jeki ya mfuko, ambayo hujazwa kwa moshi wa ekzosi. Katika mchanga hufaa sana, kwa sababu ni pana na haizami. Lakini nchi ya miiba na mawe makali si rafiki wa mfuko, nalo gari huyumba juu yake. Sisi hatungeitegemea peke yake kati ya Voi na Mombasa.

Sasa jambo dogo kuliko yote kwa bei, nalo ndilo husahauliwa. Mguu wa jeki ndefu ni kama inchi 4 kwa 7, yaani inchi za mraba 28. Tani nzima ikisimama juu ya kipande kidogo hivyo, udongo mweusi huimeza, na gari halipandi hata kidogo. Jeki ndiyo inayoshuka. Weka chini ubao mgumu wa futi moja kwa futi moja, sasa una inchi za mraba 144, mara 5 ya kwanza. Ubao mmoja huzidi nguvu za jeki ya bei kubwa isiyo na ubao. Lakini ni magari mangapi ya kazi yanayobeba ubao?

Twajua majibu yatakayokuja. Ofisini watasema kwamba jeki ni jeki, na gari lilikuja na yake. Twajibu: gari lilikuja na jeki ya kubadilisha tairi pakavu, halikuja na jeki ya kuliopoa gari lenye mzigo katika tope. Na wako wenzetu wasemao kwamba mwanamume haogopi chuma. Twawajibu hao nao: mke na watoto hawali ushujaa, na taya lililovunjika haliponi kwa sifa.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe vyombo vya kazi vilivyo salama pamoja na mafundisho ya kuvitumia. Pahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na wafanya kazi wawe na wajumbe wao ndani yake. Kifungu cha 14 chasema kwamba mfanya kazi aonaye hatari kubwa amwarifu msimamizi wake, na mwajiri hana ruhusa ya kumrudisha penye hatari hiyo mpaka imeondolewa. Basi jeki inayovuja isemwe, tena iandikwe. Neno la mdomo husahauliwa haraka kuliko karatasi.

Kwa hiyo twawaomba wajumbe wetu wapeleke mambo haya katika kamati:

1. Kila gari la gengi lipewe jeki ya chupa inayotosha uzito wake likiwa na mzigo, ubao wa chini, vizuizi vya magurudumu, stendi na beleshi.

2. Jeki ndefu itolewe tu kwa gari lenye pahali pa kuishika, na kwa watu waliofundishwa kuipandisha na kuishusha. Mafundisho yawe katika saa za kazi, na mshahara usikatwe.

3. Jeki zote zijaribiwe uani kabla ya masika na kabla ya vuli. Iliyovuja au kupinda irudishwe stoo isitoke tena.

4. Kabla stoo haijanunua, dereva na gengi waulizwe.

Hatuombi anasa. Nahodha hachaguliwi nanga na mtu aliye ufukweni, wala sisi tusichaguliwe jeki na mtu ambaye hajapata kulala katika tope la Kapiti. Ndugu, kabla ya safari ya kesho fungueni sanduku la gari, mtazame kilichomo.